Kichanga Anataka Hewa

“Kwani huyu mtoto nimemwiba? Si nimemzaa mwenyewe? Basi nikimtoa nje, ninyi kinawawasha nini?”

Sauti ya Sindano ilitoka chumbani, ikavuka ua mzima, ikamfikia mama muuza mkaa pale penye geti, naye akaacha kupanga makopo yake na kusogeza kigoda karibu ili asipitwe. Hakuwa na haja ya kusogea. Sindano akikasirika, hata kiziwi anapata sehemu yake.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu huku, mwingine kule, kajitandaza kama pazia. Alikuwa mama mwenye mwili na miwani ya kioo kinene, na nyumba ilikuwa yake, kuanzia bati la juu hadi jiwe la kukanyagia pale mlangoni. Haikupita siku bila kulikumbusha hilo.

“Mtoto hata shingo haijakaza,” alisema. “Unamtembeza barabarani kama bidhaa. Watu wananisimamisha wananiuliza, huyo mkweo ana nini? Niwajibu nini mimi?”

“Wajibu kwamba mkweo anayaokoa mapafu ya mjukuu wako.”

“Mapafu! Baba yake kakulia humuhumu. Hana mapafu?”

“Anayo, mama. Yamepigwa vanishi tu.”

Muuza mkaa akachekea puani. Mama mkwe akageuka kumkata jicho, na katika kugeuka huko fremu ya kushoto ikabaki wazi. Sindano akapenya na kichanga chake kifuani, akakata ua, akatoka getini bila kuangalia nyuma. Nyuma alisikia anaitwa kila jina isipokuwa lake.

Nyumba yenyewe ilikuwa hivi. Upande wa barabarani ni karakana ya samani, upande wa uani ni vyumba, na vyote vilikaa chini ya paa moja. Aliyejenga aliishiwa matofali au aliishiwa hamu, kwa sababu ukuta wa kutenganisha karakana na chumba cha Sindano haukufika kwenye bati. Uliishia njiani, ukaacha uwazi ambao mtu mwembamba angeupita akaenda zake. Kwa uwazi huo Sindano alisikia kila msumari uliopigwa, kila tusi, na kila uongo ambao Tajiri, mpangaji mwenye karakana, aliwauzia wateja pamoja na meza zake. Hayo aliyazoea. Ila asubuhi za kupuliza vanishi kilipita hapo kitu kingine, ukungu mwembamba unaonukia utamu wa uongo, unaokwaruza koo, unaoshuka polepole juu ya kitanda.

Walipuliza asubuhi tu, na walikuwa na sababu. Vanishi ilipigwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka wakiliita mkono, na vanishi mbichi ni kama gundi. Unyoya ukitua juu yake, umehamia. Basi kabla upepo haujaamka, sakafu ilinyunyiziwa maji ili vumbi lilale, milango mikubwa iliyofungukia uani ikafungwa, magunia yaliyoloweshwa yakasokomezwa chini ya milango, ndipo kompresa, mashine ya kusukuma hewa, ikawashwa. Na uani ilikuwa marufuku kufagia. Maganda yalale hapo, majani yalale hapo, mgeni wa heshima aje ayakute. Hakuna aliyegusa ufagio mpaka Tajiri apitishe mgongo wa kidole kwenye kona isiyoonekana ya kabati, aone pamekauka, apaze sauti, “Haya fagieni!” Wanawake wa ua ule walikisubiri kile kidole kama wengine wanavyosubiri maji ya bomba yatoke.

Sindano mwenyewe hakuwa mgeni wa karakana hiyo. Alipomaliza darasa la saba shangazi yake alimfundisha kushona mito. Kutoka mito akapanda kwenye magodoro, kutoka magodoro akaingia kwenye makochi. Alikuja hapo kuvisha makochi vitambaa kwa ile sindano iliyopinda, akaitwa Sindano kwa sababu ya kazi, ingawa waliowahi kugombana naye walikuwa na maelezo yao. Aliyepuliza vanishi alikuwa mtoto wa mwenye nyumba, mwanamume mkimya ambaye wote walimwita Fundi Rangi. Alimpenda Sindano muda mrefu bila kufungua mdomo, akawa anaazima mkasi wake na kusahau kuurudisha. Mwisho Sindano akamwambia mbele ya watu, “Wewe, kama unanitaka sema. Kama hunitaki, lete mkasi.” Akasema. Hayo ndiyo maneno mengi aliyowahi kuyasema kwa siku moja.

Walioana wakiwa watu wazima, na mtoto akachelewa. Mama mkwe hakuficha. Alihesabu wajukuu wa jirani kwa sauti. Alimuuliza Sindano kama kochi na tumbo ni kitu kimoja, maana makochi anayajaza vizuri sana. Sindano alimeza hilo, na wanaomjua wanasema ndilo neno pekee alilowahi kumeza maishani.

Ndipo mtoto akaja, wa kiume, mdogo wa kuingia kwenye kiganja, na nyumba nzima ikaanza kutembea kwa ncha za vidole. Mama mkwe akafunga dirisha. Akaweka kitambaa kwenye tundu la kitasa. Akamvisha mtoto kofia juu ya kofia. Sindano alijua kilichokuwa nyuma ya mambo hayo, maana mume wake alimnong’oneza zamani. Yule mama alimzika mtoto wake wa kwanza akiwa mchanga, kifua kilimbana, na tangu siku hiyo upepo ndiye adui yake nambari moja. Kulijua jambo hilo kulimzidishia Sindano hasira badala ya kuipunguza. Utagombana vipi kwa raha na mtu mwenye kidonda?

Kliniki, nesi alimfunua mtoto, akanusa blanketi, akakunja uso.

“Mnakaa wapi, mama? Ndani ya kabati?”

Sindano akamweleza habari ya ukuta.

“Wakipuliza hiyo vanishi huyu asiwe ndani. Mtoe. Kaa naye kivulini, mfunike kiasi, asipigwe na jua wala asibanwe na manguo. Huyu anataka hewa.” Halafu nesi akasogea sikioni. “Na huo ukuta uzibwe. Kutembea siyo dawa ya ukuta.”

Kwa hiyo Sindano akawa anatembea. Kila kompresa iliponguruma, yeye njiani. Alipita kwa fundi viatu, akapita duka la dawa, akafuata ukuta wa shule mpaka kwenye kivuli, akasimama hapo. Pua ya mtoto, iliyokuwa ikikoroma kama kibirika, ilifunguka. Macho nayo yakafunguka. Yalitazama majani yanavyocheza juu yake kwa mshangao wa mtu aliyefikishwa mji mkubwa.

Lakini kufika kwenye hicho kivuli! Barabara nzima ilikuwa na shahada ya ulezi. Fundi viatu, ambaye watoto wake mwenyewe aliwajua kwa mbali, alisema mtoto anapigwa na baridi. Mama wa duka la dawa alisema anapigwa na joto. Bibi mmoja asiyemfahamu kabisa alimfunua mtoto uso, akamkagua kama anayenunua, akasema, “Mbona mweupe? Hebu mrudishe ndani.”

“Ndani ya nani?” Sindano akamuuliza. “Kwako kuna nafasi? Tuje?”

Wengine walimuuliza kwa huruma kama kafukuzwa. Wengine waliambiana kwamba yule mwanamke kachanganyikiwa kidogo baada ya uzazi, wakidhani ukinong’ona mtu akiwa amekupa mgongo hasikii. Na maneno yote hayo yaliwahi kufika nyumbani kabla yake. Akirudi, anamkuta mama mkwe kayapanga mlangoni.

Mumewe alikuwa hana upande. Hilo ndilo lililomchoma kuliko barabara yote.

“Mwambie mama yako,” Sindano alisema. “Neno moja tu. Mwambie ulichokisikia kwa nesi. Si tulikwenda wote?”

“Nitamwambia.”

“Lini? Mtoto akiota ndevu?”

“Mama ana presha, Sindano.”

“Na mimi nina nini? Nina likizo?”

Alikuwa mwema, Fundi Rangi. Usiku alimbeba mtoto, alifua nepi bila kutumwa. Ila mbele ya mama yake ulimi ulimganda kama vanishi ya jana. Kuhusu ukuta alimwambia Tajiri mara moja, Tajiri akasema mwenye nyumba ndiye wa kuuliza, na mwenye nyumba ni mama, basi habari ikaishia hapo ilipoishia siku zote.

Siku mambo yalipolipuka, karakana ilikuwa na kabati kubwa kupita yote, la mteja ambaye Tajiri alimtaja kwa kushusha sauti kama anayetaja ugonjwa. Lilijaza karakana hadi mafundi wakawa wanapita kiubavu. Asubuhi hiyo Sindano alimwogesha mtoto, akamvalisha, akamlaza katikati ya kitanda, akatoka nyuma mara moja kuanika nepi. Aliporudi, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Akausukuma. Komeo limekaa.

“Mama? Mama, fungua.”

“Leo anapumzika,” sauti ya mama mkwe ikasema kwa utulivu wa mtu aliyeshinda. “Na mimi nimejilaza naye hapa. Nenda kafue.”

“Nimeshafua. Fungua, wanataka kupuliza.”

“Wapulize. Kazi ni kazi.”

Na kama waliosubiri ruhusa hiyo, kompresa ikanguruma. Sindano akaupiga mlango kwa ngumi, akaupiga kwa teke. Ndani mtoto akastuka, akalia. Kisha kilio kikakatika katikati, kikaja kikohozi. Kilikuwa kidogo mno, kama cha paka, na Sindano akahisi kimempasua.

Alikimbilia karakana, akapiga teke gunia bichi, akaingia. Mle ndani hata mikono yake mwenyewe aliiona kwa shida. Mumewe alikuwa anapuliza mlango wa mwisho wa kabati, uliobaki peke yake tangu jana, na usoni alikuwa amejifunga kitambaa kimekunjwa mara mbilimbili.

“Zima! Mama yako kajifungia na mtoto ndani!”

“Nimeshaanza mkono,” akasema nyuma ya kitambaa, bila kuacha kupuliza. “Nikiacha katikati utashika alama. Ngoja nimalize, namalizia hapa tu.”

Sindano akamtazama. Akamtazama hasa kile kitambaa.

“Wewe umefunga pua,” akasema. “Mwanao umemfunga nini?”

Fundi Rangi mkono ukamshuka kidogo. Lakini Tajiri alikuwa keshafika, anapunga kama anafukuza kuku. “Mama, mama, toka, unaniingizia vumbi! Hili kabati unalijua la nani?”

“Vumbi?” Sindano akasema. “Hujaliona vumbi.”

Akaivuta milango mikubwa yote miwili, akaiacha wazi kabisa. Akaenda uani, akachukua ufagio uliokuwa umeegemea ukuta. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo wakaacha masufuria yao. Mmoja akasema, “Sindano, usithubutu.” Lakini alisema kwa sauti ya kumtia moyo.

Alianzia kwa muuza mkaa, mahali ambapo hapajaguswa tangu jana, na muuza mkaa hakumzuia. Alichofanya ni kunyanyua miguu yote miwili, ufagio upite vizuri. Sindano akafagia. Hakufagia kwa kusafisha, alifagia kwa kutuma. Mchanga, majani makavu, chengachenga za mkaa, vyote vikanyanyuka na kuingia kwa milango mikubwa kama wageni walioalikwa. Upepo nao ulikuwa ndio unaamka.

Kompresa ikazimwa. Tajiri akapiga ukelele wa mtu aliyefiwa. Ule mlango wa kabati uliokuwa uking’aa kama maji sasa ulikuwa na ndevu.

“Umeniua! Mwanamke, umeniua!”

“Hujafa. Unapumua. Ona raha yake.”

Sasa kelele zilimwamsha mama mkwe, maana alikuwa amesinzia kweli, kichwa kizito kwa ule ukungu. Komeo likasikika linahangaikiwa, mlango ukafunguka, akatoka na mtoto kifuani huku mkono wa pili ukipapasa hewa.

“Nimepofuka!” akalia. “Jamani wanangu, sioni! Nimepofuka!”

Sindano alimchukua mtoto kwanza. Upofu ungesubiri. Akamfungua kofia, na kofia ya chini yake, akamwinua begani, akatembea naye hadi upande wa pili wa ua kwenye hewa, akimpapasa mgongo. Mtoto akakohoa, akapiga chafya, akavuta pumzi, halafu akalia kilio kirefu cha mtu anayeshtaki. Sindano hakuwahi kusikia kitu kitamu kama kilio kile.

Ndipo akarudi kwa mama mkwe. Mumewe alikuwa amemkalisha kwenye kigoda na kumvua miwani, na wote wawili walikuwa wanaitazama. Mama alikuwa ameivua kabla ya kujilaza, akaiweka kwenye mto karibu na kichwa cha mtoto, kisha akaivaa alipoamka. Vioo vilikuwa vimefunikwa na ukungu. Mama akaufuta kwa pindo la kanga. Haukufutika, pindo ndilo lililonata.

“Lete,” Sindano akasema. Akapitisha ukucha kwenye kioo, ukaacha mstari. “Hii ndiyo ile harufu uliyoniambia haipo, mama. Imekaa juu ya kioo. Na mjukuu wako alikuwa amelala kando yake, macho wazi, mdomo wazi.”

“Miwani imeshapigwa mkono wa kwanza,” muuza mkaa akasema kutoka getini. “Bado mkono wa kumalizia.”

Hakuna aliyecheka sana. Mama mkwe aliishika miwani kwa mikono miwili. Aliigeuza.

“Nilifunga dirisha,” akasema. “Yule wa kwanza. Nilikuwa nawasha jiko la mkaa ndani apate joto, na nilifunga kila kitu. Hata tundu la ufunguo niliziba.”

Sindano alikuwa na jibu, jibu huwa halimkosi, lilikuwa tayari mdomoni na lilikuwa kali. Aliliangalia lile jibu, akalitema pembeni bila kulisema. Lakini hakumkumbatia mtu. Kikohozi cha paka kilikuwa bado kinamlia sikioni.

Tajiri hakuwa na muda wa marehemu wa mtu. “Haya yote sawa, poleni,” akasema. “Mlango wangu je? Huo lazima ukwanguliwe wote, upigwe msasa kwa mkono, uanze upya. Aliyeharibu ndiye atakayepiga msasa. Mafundi wangu wana kazi nyingine.”

“Nitapiga,” Sindano akasema. “Nadaiwa, nitalipa. Uweke hapo. Ila sasa hivi natembea na mwanangu, na atakayesimama mlangoni leo nitamfagia naye.”

Hakuna aliyesimama mlangoni. Fundi Rangi alikivuta kile kitambaa chini ya kidevu, akasema, “Nije nanyi?”

“Wewe ongea na mama yako. Neno moja, lile la siku zote.”

Akaondoka. Alipita kwa fundi viatu, na fundi viatu, ambaye habari zilimfikia mapema kuliko yeye, aliinamia kiatu asiinue kichwa. Mama wa duka la dawa alisalimia tu. Sindano alitembea kwa hasira mpaka kivulini. Alisimama chini ya majani akahesabu pumzi za mtoto, akapotea, akahesabu upya, mpaka akawa hahesabu tena, anamsikiliza tu.

Hakuharakisha kurudi. Aliporudi, kitu cha kwanza alichokisikia ni nyundo. Mumewe alikuwa juu ya ngazi, anapigilia mbao kwenye uwazi wa ukuta. Jasho linamtoka.

“Ni za muda,” akasema alipomwona. “Nimemwambia mama. Matofali yanakuja, ukuta unapanda hadi kwenye bati. Na kabla haujapanda, hakuna kupuliza. Mama mwenyewe kamwambia Tajiri achague, ukuta au ahame.”

“Mbao hizo zilikuwepo kabla mtoto hajazaliwa,” Sindano akasema.

“Zilikuwepo.”

“Na wewe ulikuwepo.”

“Nilikuwepo,” mumewe akasema, akarudi kwenye nyundo yake.

Sindano akafunga mtoto vizuri kifuani, akaingia karakana kudai msasa wake. Alikuwa amejiandaa kwa kazi ya jioni nzima na amejiandaa kugombana tena kama ingebidi. Ule mlango wa kabati ulikuwa umelazwa juu ya benchi. Mama mkwe ameketi mbele yake bila miwani, kanga ameifunga kiunoni, msasa ameukunja kwenye kipande cha ubao kama fundi. Anasugua. Kwa kuwa haoni vizuri alikuwa anatumia kiganja, anasugua, anapapasa, anasugua tena. Vumbi jeupe la vanishi lilikuwa limemjaa nywele.

“Mama, hiyo ni kazi yangu. Mimi ndiye niliyefagia.”

“Ulifagia kwa sababu nilifunga.”

“Hilo ni kweli,” Sindano akasema. Hakuongeza sukari.

“Basi niache. Na umtoe mtoto humu, kuna vumbi.”

Sindano alimtazama kidogo. Akarudi nyuma hadi kwenye mlango mkubwa, penye hewa, akakaa hapo juu ya kigogo na mtoto, akatazama kazi. Alitaka kusema kwamba pale pembeni amepasahau, akasema, na mama mkwe akarudia pale pembeni bila kujibu.

Tajiri alikuja baadaye. Alipitisha mgongo wa kidole juu ya mbao, juu mpaka chini, akatafuta pa kulalamikia.

“Deni limeisha,” akasema. “Simdai mtu.”

Mama mkwe akaukung’uta msasa gotini, na milango mikubwa hakuifunga.